Mwanza hadi Dar, Saa Moja na Nusu

Jumapili, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Elinuru kapiga simu kutoka Mwanza, nimetoka tu kanisani. Hospitali ya Dar imetuita. Ijumaa tulazwe wote wawili — figo yangu moja iende kwake. Tangu vipimo vya mwaka jana hatujaonana. Daktari wake kamkataza basi. Mchana kutwa na usiku barabarani, miguu imeshavimba, akikwama mbali na mashine ya kusafisha damu ndiyo basi tena. Atapanda ndege. Kilomita kama mia nane na hamsini, saa moja na nusu tu angani. Nimecheka. Mimi kutoka hapa Mlalo, milimani, hadi Dar ni siku nzima.

Mume wangu, Yonathani, hakugusa ugali. Anasema nikifia kwenye kisu, nani atalea watoto? Nikamjibu mama alikufa akaniachia Elinuru hajaanza shule. Sijamaliza kumlea.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Yonathani haongei na mimi.

Jumatano, 17 Aprili

Udongo umeporomokea barabara yetu ya kushuka mlima, karibu na Soni. Magari hayapiti, labda Jumamosi. Jumamosi! Elinuru anatua kesho jioni. Nitashuka na gari la alfajiri mpaka penye tope, nivuke kwa miguu, ng'ambo nitafute gari la Mombo, kwenye mabasi ya Dar. Nimemwambia Yonathani. Nimefunga begi.

Alhamisi, 18 Aprili

Niko uwanja wa ndege Dar, wanapopokelea abiria. Nimewahi.

Alfajiri nilifungua mlango, nikamkuta Yonathani nje, kavaa buti, begi langu begani. "Twende kabla haijanyesha tena." Pale Soni tope hadi magotini. Nikianguka ananivuta. Ng'ambo akanipandisha garini, akanishika mkono dirishani. Kasema bado hajakubali. Ila kama naenda, nile vizuri njiani, nisiingie kwa madaktari nimechoka. Akageuka, akalirudia tope.

Ndege ilikuwa itue saa kumi na mbili. Mwanza kuna mvua, ikachelewa kuondoka. Elinuru akanipigia, anapumua kama aliyepanda mlima.

"Dada, kama umebadili mawazo, sitakulaumu."

"Umekula?"

"Bado."

"Kula. Mimi nimeshafika. Na wewe panda ndege uje."

Imetua. Wanatoka na mabegi, wanakumbatiwa, wanaondoka. Elinuru simwoni. Nimepiga, simu yake imezimwa. Nimemuuliza askari wa mlangoni. Kasema bado kuna abiria mmoja, mgonjwa, anashushwa kwa kiti cha magurudumu. Nisubiri.

Nimesimama, daftari nimeliegemeza ukutani, naandika.

Mlango umefunguka. Dada mwenye sare anasukuma kiti. Aliyekaa ni mzee, mashavu yamebonyea, kajifunika shuka hadi kidevuni. Siyo yeye.

Mzee ananipungia mkono. Ananiita dada, kwa sauti ya Elinuru —