Issa Yuko Masasi

Jumatatu, 4 Agosti

Maji hayakutoka tena hapa Newala. Kisima changu cha mvua kimebaki tope. Nimenunua madumu kwa mtu wa mkokoteni, nikaoga kwa kopo, nikaenda kufundisha kemia na vumbi kichwani.

Jioni Mwajuma na Skola walikuja kama kawaida. Wamemaliza kidato cha sita, wamefaulu vizuri sana, na kwao hakuna anayejua nafasi ya chuo inaombwaje. Tunajaza maombi mezani kwangu. Mtandao ukikatika tunakunywa chai, ukirudi tunaanza upya. Skola anataka famasia. Mwajuma anataka udaktari, kama Issa niliyemfundisha kabla yao. Akauliza, "Mwalimu, kaka Issa anasemaje huko Dar?" Nikasema hajambo.

Sijui kama hajambo. Simu yake imezimwa tangu amalize mitihani ya mwaka wa kwanza.

Walipoondoka nikawasha redio. Siisikilizi. Ni ili pawe na mtu.

Jumatano, 6 Agosti

Baba Issa amekuja kutoka kijijini Mnyambe. Ameniletea ming'oko, vile viazi vya porini. Yuko katikati ya kupulizia mikorosho, nguo zinanuka salfa. Alikaa barazani, akaniuliza kama daktari wetu bado yuko kwenye mazoezi hospitalini. Ujumbe wa mwisho aliotumiwa ulisema hivyo.

Ninavyojua mimi, mwaka wa kwanza chuoni kwao hakuna mazoezi ya hospitali wakati huu. Nikajua ni uongo. Nikamjibu, "Vyuo vina ratiba zake, Baba Issa." Akaridhika.

Mwaka jana, Issa alipochaguliwa, mzee huyu alichinja mbuzi. Hakuna mtoto wa kijijini kwao aliyewahi kuchaguliwa udaktari. Watu walikula, wakaimba. Mimi nilikalishwa mbele na wazee.

Nimemdanganya mtu asiye na hila. Ming'oko sijaipika.

Jumamosi, 9 Agosti

Masasi, kufuata kemikali za maabara. Nimemwona Issa.

Nilikuwa napita nyuma ya stendi, kwenye maghala. Lori la mbaazi linapakiwa. Wapagazi wanapanda ubao mmoja mmoja, magunia mabegani. Wa tatu alikuwa yeye. Amekonda. Shingo imechubuka.

Aliniona. Akasimama katikati ya ubao, gunia liko begani, akasema, "Shikamoo, Mwalimu."

Nikasema marahaba. Wenzake nyuma wakapiga kelele apande.

Akaniambia nimsubiri nje, atakuja wakimaliza lori. Nikasubiri. Lori likajaa, likaondoka. Wapagazi wakatoka, wakanawa, wakaenda. Nikaingia ghalani kuuliza. Kuna mlango wa nyuma.

Basi la kurudi Newala nimesimama njia nzima. Kemikali nimezisahau.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nina hasira. Hasira na nani, sijui.

Huyu ndiye niliyemtoa kidato cha pili akiwa anakaa nyuma kabisa, hasemi, anamaliza maswali kabla sijamaliza kuyaandika ubaoni. Likizo zote alikuwa mezani kwangu. Alipofanya kidato cha sita nilikosa usingizi kama ni mimi nafanya mtihani. Siku alipopata chuo nilijifungia chumbani nikalia peke yangu. Sikuwa na wa kumwambia.

Sasa anabeba mbaazi.

Mwajuma na Skola wamekuja jioni. Nimewaambia kichwa kinauma, warudi kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Neema. Nilimfundisha pia, yuko chuo kile kile, mwaka wa tatu. Alisita. Mwishowe amesema.

Issa hajafukuzwa. Hajadisko, kama wanavyosema wenyewe. Amefeli masomo matatu: anatomia, fiziolojia, biokemia. Ana sapu, mitihani ya marudio, Septemba. Wengi wanapata sapu mwaka wa kwanza, Neema mwenyewe alipata. Lakini Issa alipoona majina yamebandikwa alifunga begi siku ile ile. Alidhani ndio mwisho.

Nikamuuliza Neema kwa nini hakuna aliyemwambia. Akasema, "Alikuwa haongei na mtu, Mwalimu. Mwaka mzima anakula peke yake. Mara moja alijibu swali darasani wakamcheka Kiingereza chake. Basi, hajafungua tena mdomo."

Wenzake wana baba daktari, shangazi muuguzi, dada aliyepita pale pale. Wanajua sapu ni nini tangu wako nyumbani. Issa ana mimi. Na mimi nimesoma ualimu. Nilimfundisha kuingia. Kukaa huko ndani sikumfundisha, sikujua kwamba nako kunafundishwa.

Jumamosi, 16 Agosti

Masasi tena. Safari hii nilifika asubuhi na nikasimama kwenye mlango wa nyuma.

Analala na wapagazi wawili kwenye chumba cha udongo karibu na ghala. Godoro hakuna. Tulikaa juu ya magunia matupu. Muda mrefu alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ningerudi nyumbani msimu ukiisha," akasema. "Ningesema chuo kimefungwa."

"Hujafukuzwa, Issa. Una sapu tatu."

Akaniangalia kama nimesema lugha asiyoijua. Nikamweleza mara mbili. Nikamwambia Neema naye alisapu. Nilitegemea atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Kule mimi siwezi, Mwalimu. Nikisema ateri wanasikia ateli. Nikaacha kusema. Ukiacha kusema, hata kuuliza choo kiko wapi unaogopa."

"Utafanya hiyo mitihani."

"Nikifeli tena? Baba amechinja mbuzi. Ameita watu." Akavuta uzi wa gunia. "Bora wajue nimepotea kuliko wajue nimeshindwa."

Nilimwachia nauli na sanduku la vitabu alivyokuwa ameviacha chuoni, Neema amenitumia kwa basi la Dar. Nikasema mlango wangu anaujua. Nikaondoka kabla sijaanza kumsihi.

Jumatano, 20 Agosti

Hajaja. Nimepika ming'oko, imeoza nusu. Nimekula iliyobaki kwa chumvi, nimesimama jikoni.

Ijumaa, 22 Agosti

Amekuja! Nimetoka kufundisha nikamkuta barazani na lile sanduku. Hakuingia ndani, kijana mwenye adabu. Mwanamke anayeishi peke yake hawezi kulaza kijana wa kiume, mji huu una macho. Nimekwenda kwa jirani yangu, Mama Shaibu. Sikumwambia yote. Akasema Issa atalala na wanawe, na hakuuliza.

Sharti la Issa ni moja tu: Mnyambe wasijue. Nimekubali. Nimekubali haraka mno.

Jumatatu, 25 Agosti

Anatomia siijui. Nimemwambia wazi. Tunasoma ukurasa mmoja pamoja, kisha anaufunga na kunifundisha mimi, kwa Kiingereza, kwa sauti. Nisipoelewa anarudia. Biokemia nipo naye hatua kwa hatua, hiyo ni kemia yangu.

Leo nimewaita Mwajuma na Skola wakae wasikilize. Issa akafika kwenye mishipa ya mkono, akasema ateli. Skola akacheka. Hakukusudia, lakini alicheka. Nikaona kabisa jinsi ilivyokuwa huko Dar. Uso wa Issa ulifungwa kama duka.

Nilitaka kumgombeza Skola. Mwajuma akaniwahi. "Wewe Skola unacheka nini, wewe mwenyewe ukitaka kusema research unasema lisachi." Wakacheka wote. Issa akachelewa, lakini akacheka. Kisha akaendelea, ateli mpaka mwisho wa mkono, hakukosea hata tawi moja.

Nyumba ina kelele. Sikuwasha redio.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku mbaya.

Mtu wa Mnyambe alimwona Issa sokoni amebeba ndoo. Baba Issa amefika mchana. Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mwalimu, mwanangu yuko hapa?"

"Yuko, Baba Issa."

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba nilimwona Masasi kabla ya hapo. Nilidhani atapaza sauti. Aliishusha.

"Mke wangu hali chakula. Anadhani mtoto amekufa mjini na sisi tunafichwa. Na wewe ulijua." Kisha akasema, "Huna mtoto, Mwalimu. Ungekuwa naye ungejua mzazi anaambiwa."

Hapa mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi tangu nifike naitwa Mwalimu, na siku zote nimeambiwa ni heshima. Leo nimejua jina hilo liko tupu kiasi gani.

Na alikuwa na haki. Hilo ndilo linalouma zaidi.

Issa akatoka kwa Mama Shaibu. Wakaongea Chimakonde, haraka. Nimeishi huku miaka yote hii, bado nashika nusu. Nilisikia neno mama yako, nikasikia neno aibu. Mzee akatangulia njiani. Issa akaingia ndani, akachukua shati lake, akamfuata. Vitabu vimebaki mezani.

Jumamosi, 30 Agosti

Hakuna habari.

Jumapili, 31 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimevifunga vitabu kwenye sanduku. Nikavitoa tena.

Mitihani inaanza katikati ya mwezi ujao. Nimewaza kwenda Mnyambe kuomba radhi. Nikafika hadi kwenye magari, nikarudi. Ningesema nini? Kwamba nilitaka awe wangu kidogo? Maana ndivyo ilivyokuwa. Nilipenda yule mtoto ajifiche kwangu.

Jumanne, 2 Septemba

Issa amerudi. Peke yake, kwa miguu sehemu ya njia, bodaboda sehemu.

Anasimulia huku anakula. Siku aliyofika mama yake alimshika uso, akampapasa mikono na miguu kama mtoto mchanga. Alipomwambia amefeli mitihani, mama akauliza, "Basi? Huumwi?" Akasema haumwi. Mama akaanza kucheka, kisha akalia, kisha akaenda kupika.

Baba hakucheka. Kesho yake Issa alikwenda mwenyewe barazani, kwa wazee wale wale waliokula mbuzi. Akawaambia hayupo mazoezini. Amefeli matatu, alikuwa Masasi anabeba magunia, anarudi kufanya upya. Mzee mmoja akamuuliza hiyo mitihani ya marudio inalipiwa mbuzi mwingine? Watu wakaangua kicheko. Ikaisha.

Nikamuuliza baba yake alisema nini. "Hajasema kitu. Ila alinisindikiza mpaka barabarani. Alibeba begi langu yeye."

Tumeanza fiziolojia saa hiyo hiyo.

Jumatano, 10 Septemba

Sina nafasi ya kuandika. Moyo, figo, mapafu. Mwajuma anamuuliza maswali hata akiwa anafua. Neema amekubali kumpokea stendi ya Dar na kukaa naye mezani kila wakati wa chakula. Hilo la meza nililiomba mimi. Nililiomba kwa nguvu kuliko nilivyowahi kuomba kitu.

Alhamisi, 11 Septemba

Ameondoka na basi la alfajiri. Baba yake alikuja kumsindikiza. Alinisalimu, "Mwalimu." Nami, "Baba Issa." Tulisimama kila mtu upande wake wa basi.

Nimerudi nikafagia. Chini ya meza kulikuwa na maganda ya karanga. Nikayaacha mpaka jioni.

Jumatano, 17 Septemba

Hajapiga. Sikupiga. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu na kumpa mtu mmoja alama za mwingine.

Jumatatu, 6 Oktoba

Issa amepiga mwenyewe. Amefaulu anatomia na biokemia. Fiziolojia imemshinda, ataibeba, ataifanya pamoja na masomo ya mwaka wa pili. Anaingia mwaka wa pili.

Alisema kwa utulivu. Nilingoja nisikie ile sauti ya kukata tamaa ya Masasi. Haikuwepo. Nikataka kusema mengi, nikasema, "Vizuri, baba."

Akaomba nimpe Mwajuma na Skola. Wote wawili wamepata nafasi, wanaondoka mwishoni mwa mwezi. Nimeweka simu mezani, sauti juu. Aliwaambia wakae mbele. Wasile peke yao. Wakifika, kabla hata ya kutandika kitanda, wamtafute mtu wa mwaka wa juu wamuulize kila kitu, hata cha kijinga. "Na sapu si disko," akasema. "Andikeni hilo." Skola aliandika kiganjani.

Mimi nilikuwa jikoni, nimegeuza mgongo.

Jumamosi, 1 Novemba

Wasichana wameondoka juzi. Joto. Mvua bado. Korosho zimeanza kuanguka, mji mzima uko mashambani.

Mchana Baba Issa alikuja na kikapu cha korosho alizobangua mkewe. Nimekaanga, nikatoa chai. Tukala. Alizungumzia bei kidogo, akaacha. Akaniuliza kama Issa amepiga. Nikasema jana. Akasema kwao pia amepiga.

Kisha akauliza, "Mwalimu, kwenu hasa ni wapi?"

Nikasema Ludewa, juu milimani, upande wa Ziwa Nyasa. Akauliza nani yuko hai huko. Nikamwambia. Dada mmoja. Mama alifariki nikiwa nasimamia mitihani hapa, sikuwahi mazishi. Akauliza alikuwa anaitwa nani, mama. Nikamtajia jina. Akalirudia polepole, lisimpotee.

Alikaa mpaka jua likapungua. Kisha akaaga, maana magari ya Mnyambe hayangoji mtu.