Wembe Mmoja Ulitunyoa Sote

Kadzo mwanangu,

Huku Tezo tunaamka salama. Mvua imekuja, muhogo wako umeshika, na yule kuku wako kiwete ametaga chini ya kitanda changu bila hata kubisha hodi. Habari njema zimeisha. Sasa sikiliza, maana nina hasira mpaka mate yamenikauka.

Anayeshika kalamu ni mwanao Sidi. Mimi shule niliiona kwa nje, wajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiruke neno, hata pale ninapomsifu, hata pale ninapomsema babake.

Sidi alikimbia Kilifi, mashindano ya shule za msingi. Wakumbuka ulivyokuwa ukishindana naye kutoka kisimani? Nikikwambia mwachie, ni mtoto, wanijibu, "Akinishinda, mame, anishinde kweli." Na siku aliyokushinda kweli ukaketi njiani, maji ya ndoo yamekumwagikia kifuani, ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Basi alikimbia vivyo hivyo, miguu mitupu, wenzake wakabaki kumtazama kisogo. Nilipiga vigelegele kabla hajafika kwenye utepe.

Kisogo hicho ndicho kilicholeta balaa. Baada ya matanga yako tulinyolewa, mimi, Sidi na Charo mumeo, wembe mmoja, asubuhi moja. Mila waijua. Nywele zilikuwa hazijaota. Mama mmoja mwenye mwavuli mwekundu, ambaye binti yake alikuwa wa pili, akaruka: "Huyo mvulana! Tazameni kichwa! Wametuvalishia mvulana sketi!" Wenziwe wakadakia. Watu wazima, Kadzo, wenye watoto! Mmoja akapaza sauti, "Mvueni tuone!" Wakacheka. Na mwamuzi, badala ya kuwafukuza, akasema labda mtoto apelekwe darasani akaguliwe.

Akaguliwe! Kama mbuzi wa mnadani!

Mwenye akili pale alikuwa yule binti wa pili. Bado anahema, akamwambia mamake mbele ya watu, "Mama, amenishinda. Nyamaza." Mamake akamfinya mkono. Mtoto anamfundisha mzazi adabu, mzazi anamfinya!

Nikavuka kamba. Usiniulize nilivuka vipi na magoti haya. Nikavua leso kichwani, nikawainamia waone upara wangu. "Na mimi mvulana? Niliyezaa saba, mvulana? Anayetaka kukagua aanze hapa, nimeshafungua! Mtoto huyu amezika mamake juzi. Nyinyi aibu yenu mmeizika wapi?" Mwalimu wake akaja akawaeleza, ushindi ukabaki wa Sidi. Jumamosi anatakiwa Malindi, kushindana tena.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Charo alikuwepo. Amesimama karibu na goli, kaunda suti imepigwa pasi, kofia kichwani, na chini ya kofia upara uleule. Hakutakiwa hata kusema neno. Kuvua kofia tu, Kadzo! Akatazama viatu vyake. Nilipomuuliza akaniambia, "Watu walikuwa wengi, mama." Wengi! Na mwanao alikuwa na nani? Mkwe ni wa heshima, najua, ila siku hiyo heshima niliiacha uwanjani. Nikamwambia kumshangilia mtoto akiwa mbele hata mpita njia aweza, wewe ni baba wa kazi gani? Kidevu kikaanza kumtetemeka. Nikakumbuka kwamba naye amefiwa. Nikamtilia chai. Maneno yangu sikuyarudisha.

Tangu siku ile Sidi hakimbii. Kisimani anakwenda pole pole kama kikongwe, leso imefungwa mpaka kwenye nyusi. Asema atakimbia nywele zikiota. Mwalimu amembembeleza, kachoka. Mtoto aliyekimbia kabla hajajua kutembea vizuri, leo watu wasiomjua jina wamemtia haya ya kichwa alichonyolewa kwa ajili yako. Nikiwaza hivyo natamani kurudi Kilifi nimtafute yule mama, nimkunje na mwavuli wake pamoja… Andika, Sidi. Andika, usilowanishe karatasi.

Jana Charo alikuja. Kofia ameishika mkononi, na jua lilikuwa kali. Akamwambia Sidi, "Malindi nitakuja hivi hivi." Sidi akaipokea ile kofia, akaenda kuitundika kwenye msumari wako wa leso. Mimi nikajitia kuchochea moto.

Basi lala, mwanangu. Udongo ukuwie mwepesi. Muhogo nitaupalilia, na mtoto nitamlea kwa ukali wangu huu huu, maana ndio nilionao. Jumamosi nitakuwa pale utepe unapofungwa, kichwa wazi, na Charo kando yangu, kichwa wazi. Atakayefungua mdomo atanikuta.

Ahadi ya mwisho si yangu. Nimemwambia Sidi aiandike kama ni kweli, na kama si kweli aache mahali hapa patupu. Kalamu imesimama. Mimi sisomi, nangoja tu nione uso wake.

Mamako.

Mame, Jumamosi nakimbia. Leso nitaiacha nyumbani.