Kifungo cha Kola

Kibanda cha Mashati,
Nyuma ya stendi, mlango wa pili kutoka kwa kinyozi.
Jumanne asubuhi, kabla wateja hawajaamka.

Mpendwa dada yangu,

Hapana, si mafua. Jana kwenye simu uliponiuliza mbona sauti inakwaruza kama redio iliyoishiwa betri, nilikujibu ni vumbi la mashati. Nilikudanganya. Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga, masikio yote kwangu, ningesemaje? Ndiyo maana leo nimeshika kalamu, na unajua mimi na kalamu hatujaonana vizuri tangu darasa la nne. Mwandiko ukikushinda soma polepole, usimpe mtu akusomee.

Lakini kwanza nikusalimie kama mtu mwenye adabu. Hujambo dada? Shemeji anaendeleaje na mgongo wake? Wapwa zangu je, yule wa maswali bado anawachosha walimu? Sisi huku tunakula, tunalala, ni wazima wote ukiniondoa mimi. Na mimi ukiiondoa shingo, ni mzima.

Dada, shingo yangu imeota kitu.

Unaijua kazi yangu, sanamu la dukani ni mimi mwenyewe. Kila asubuhi navaa shati moja kutoka kwenye mzigo, nafunga mpaka kifungo cha juu, napiga kelele, mteja akilipenda nalivua nampa likiwa na joto lake. Basi miezi sita iliyopita vifungo vya juu vikaanza kunigomea. Nikajua nimeuziwa mashati yaliyosinyaa. Nikamfuata tajiri anayetuuzia mabelo ya mitumba, nikamkoromea, nikamwita mwizi mbele za watu. Halafu nikawa nayapeleka kwa fundi cherehani asogeze kifungo. Akasogeza la kwanza, akasogeza la pili. La tatu akaliweka chini.

"Kola," akaniambia, ndivyo wanavyoniita huku, "shati halijasinyaa. Wewe ndiye umeongezeka."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema nimeze mate anione. Nikameza, na kitu kikapanda, kikashuka.

Hospitali nilimpata daktari mmoja, mama mfupi asiyepoteza maneno. Akanichoma sindano, majibu yakarudi: saratani ya tezi ya shingo, ile iliyokaa hapa mbele chini ya koo kama tai ya kipepeo. Alisema hii ya kwangu mara nyingi hutembea polepole na watu wengi wanapona. Lakini ina tabia ya kuhamia kwenye tezi za limfu, vile vitezi vinavyovimba pembeni ya shingo ukiwa na jino bovu.

Nikapelekwa kwenye kipimo cha picha, kama cha wajawazito. Wakanipaka ute wa baridi shingoni, nami nikamuuliza mpimaji ni wa kike au wa kiume. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Mpimaji hakucheka. Kile kifaa chake kilikuwa kinarudi palepale upande wa kushoto, kinarudi, kinarudi. Mtu asipoucheka utani wangu, huwa kaona kitu.

Wakachoma sindano nyingine, hapohapo kushoto. Daktari akasema sindano itasuuzwa, na maji yake ya kusuuzia yatapimwa kama yana protini fulani. Nikamwambia mimi protini ninayoijua ni maharage na mayai. Akanivumilia. Akaniandikia jina kwenye kikaratasi, thairoglobulini, refu kama treni ya mizigo, akanieleza mpaka nikaelewa, na sasa natamani nisingeelewa. Protini ile, dada, inatengenezwa na tezi ya mbele peke yake. Vile vitezi vya pembeni havina kazi nayo. Ikikutwa nyingi huko, basi saratani imeshafika. Ni kama nikute mashati yenye alama yangu ya chaki ndani ya kola, yamepangwa juu ya meza ya mtu mtaa wa pili. Sina haja ya kuuliza. Mzigo wangu umefika huko.

Isipokutwa, wanatoa tezi ya mbele, wanafunga. Ikikutwa, wanapasua shingo mpaka karibu na sikio, wafagie na vile vitezi, na humo njiani kuna mshipa mwembamba wa sauti. Daktari hakunificha, unaweza kuguswa. Dada, mimi bila sauti ni nani? Nimeshazirekodi kelele zangu zote kwenye kipaza sauti, hata ile ya shati la bosi kwa bei ya mlinzi. Wifi yako akauliza za nini, nikamwambia napumzisha koo. Yeye akawa anapika, mimi nazisikiliza, nikajiona kama namsikiliza marehemu.

Majibu ya sindano ile ya pili yapo tayari tangu Ijumaa. Nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza niliishia kumuuzia mlinzi wa geti shati. Jana nikafika mpaka mlango wa maabara, nikashika kitasa. Nikageuka, nikajifanya nimepotea njia ya chooni.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa tumbo moja, maana wakati mwingine, si kila mara, ugonjwa huu unapita kwenye familia, na ndugu nao wakapimwe. Nikamjibu nina dada mmoja, mzima kama chuma. Nilipofika nyumbani nikaitoa ile picha uliyotutumia mwezi jana, umevaa blauzi ya bluu niliyokuchagulia mwenyewe. Saizi ya shingo mimi naisoma kwa macho, sikosei hata kwa mteja aliyenipa mgongo. Blauzi ile ilikutosha na nafasi ya kidole. Kwenye picha kifungo cha juu kimesogezwa, dada. Kimeshonwa kwa uzi mweupe. Vingine vyote vina uzi wa bluu.

Nimeiangalia mpaka nikaazima miwani ya Mama. Labda kilikatika, ukakishona kwa uzi uliokuwa karibu. Labda umenenepa. Naomba iwe hivyo. Lakini tumelelewa nyumba moja mimi na wewe, na nguo ikitubana sisi huwa tunailaumu nguo.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu uwabane mashavu kwa niaba yangu. Wifi yako anakusalimu. Mama naye anakusalimu, hajui lolote. Yeye kwenye picha ile anasema umekonda. Mungu akuangalie wewe kwanza, mimi foleni nimeizoea.

Basi tufanye biashara, na hii sipunguzi. Barua nampa kondakta wa basi la leo, keshokutwa unayo mkononi. Jumatatu saa tatu asubuhi mimi nitakuwa mlangoni pa maabara. Saa hiyohiyo wewe uwe kwa daktari wa huko, ufungue kola, umeze mate mbele yake. Ukinipigia kwamba unaingia, nami nashika kitasa. Usipopiga, siingii, nitakaa pale kwenye benchi mpaka wafunge.

Wako akupendaye, anayekungoja,
mdogo wako, Kola.