Eli wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi 2024
Ameniponyoka tena huyu Eli Tuxford! Mtu aliyemzaa babu yake Mama, na hakamatiki. Kabatizwa hapa hapa kijijini Saltby Fen, Januari 1838, nimeona kwa macho yangu. Sensa ya 1851 angekuwa na miaka kumi na mitatu — hayupo. Kuna Eli mwingine wa miaka kumi, nikampita. Halafu wetu anaibuka 1864, anaoa, kaandikisha miaka ishirini na mitatu, badala ya ishirini na sita. Ndiyo maana ukoo mzima unamwita Eli Muongo.

Mama ana miaka themanini na tisa na moyo umechoka. Daktari kasema ni wiki, si miezi. Kila nikifika nyumba ya wazee, kabla hata ya salamu: umempata? Sijui kwa nini kang'ang'ania hivi.

Jumatano, 6 Machi
Chumba cha nyaraka. Penseli tu, kalamu marufuku. Mzee Clement, wa meza ya jirani, aliniuliza nanunia nini. Nikamweleza. Akauliza kama nimetazama daftari la maziko. Mtu aliyeoa 1864, nimtafute kaburini kabla hajaoa? Akacheka kwa pua. "Wewe tazama tu, dada."

Nikatazama. Eli Tuxford, kazikwa Novemba 1840. Umri: miaka miwili.

Nikarudi kwenye ubatizo, Februari 1841: Eli, mtoto wa William na Susannah. Wazazi wale wale! Susannah alimzika mmoja na mwingine yumo tumboni, akampa jina la marehemu. Wengi walifanya hivyo zamani zile — na mimi, mwalimu wa historia mstaafu, limenipita! Yule wa miaka kumi ndiye wetu. Hakudanganya hata siku moja. Miaka mitano namsuta mtu wa watu bure. Nimeona aibu kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Mvua. Nimerekebisha mti wa ukoo kwenye kompyuta. Wa kwanza nimemfuta. Sasa unasomeka vizuri.

Jumapili, 10 Machi
Siku ya Mama, huku kwetu huwa Machi. Nilimpelekea maua ya njano na keki ya matunda. Nikamsomea yote, nikijua atafurahi — baba wa babu yake kasafishwa jina!

Hakufurahi. Aliuliza kama yule wa kwanza aliwekewa jiwe. Nikasema sijaliona. Akauliza nimemweka wapi kwenye mti. Nikamwambia nimemfuta, hakuacha mtoto, anachanganya watu tu.

Akaweka kikombe chini. "Mrudishe."

Nikasema sawa, Mama. Nikidhani yameisha. Akawa anatazama dirishani, na maneno yakamtoka taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni.

"Ulikuwa na dada, Lorna. Septemba 1956. Siku tisa tu. Nesi akaniambia nirudi nyumbani nizae mwingine, tusimtaje tena. Baba yako akatii. Mimi ulipokuja wewe nikakupa jina lake, nipate kulitamka."

Miaka sitini na sita nimeitikia jina hili! Kila aliponiita nije kula, nivue viatu, nifunge mlango — alikuwa anamwita nani? Sikuthubutu kuuliza. Nilitaka kumkasirikia, nikataka kumkumbatia. Nikamkatia keki.

Nilichouliza ni wapi alizikwa. Hajui. Baba alikwenda peke yake na watu wa mazishi, akarudi, akaenda kupalilia viazi. Hakusema mpaka anakufa, na Mama hakuuliza. Akanishika mkono, ule mkono wake mwepesi. "Nitafutie, kama ulivyomtafuta Eli. Na ufanye haraka."

Kumbe siku zote hizi hakuwa anamtaka Eli.

Jumanne, 12 Machi
Eli wa kwanza nimemrudisha mahali pake, juu ya mdogo wake.

Asubuhi nyumba ya wazee wamepiga simu: Mama kakataa uji tangu jana, analala tu. Nimesema nakuja. Lakini kwanza fomu hii ya kuomba cheti cha kifo, iondoke na posta ya leo. Bila cheti makaburini hawataanza hata kutafuta.

Jina la ukoo: Pask. Jina: Lorna. Nimeliandika kwa mwandiko wangu, kama ninavyoliandika kila mahali. Kifo: Septemba 1956.

Uhusiano wako na marehemu? Maisha yangu yote nimejiita mtoto wa pekee. Nimeandika: mdogo wake.

Simu inalia tena.