Ngamia wa Njia ya Liboi

Jumanne, baada ya isha

Na bado kidogo angekubali kosa. Mume wangu Abdi amemgonga ngamia leo njia ya Liboi. Yeye mzima, alhamdulillahi, ila ngamia amevunjika mguu. Aliponipigia, wazee wa ukoo wa mwenye ngamia walikuwa wameshakaa kivulini wakimngoja aseme vile husemwa: kosa ni langu, nitalipa.

Nikamuuliza Halima, wakala wetu wa bima, kama bima hulipia ngamia. Hulipia, akasema, ni mali ya mtu. "Lakini walaal, dada yangu, asikubali kosa kabla polisi hawajaandika na sisi hatujafika. Akikubali, huenda akalipa mwenyewe."

Kuwanyamazia wazee ni kukosa adabu. Nikamwambia Abdi awape pole, anywe chai, aseme bima inakuja. Mtu mwenyewe hajui kunyamaza.

Bampa tutatengeneza wenyewe, bima yetu hulipia mali ya wengine tu, si gari letu. Hilo linaniuma kidogo.

Abdi amerudi akicheka. Mwenye ngamia alitaka kujua huyo Bima ni wa ukoo gani.

"Wa kwetu," Abdi akamjibu. "Tunamchangia kila mwaka, naye hutulipia tukipatwa na jambo."

Mzee akasema basi huyo ni jamaa, akammiminia chai nyingine.