Mwanao Amelisoma Jina Lako

Mpendwa mdogo wangu Minani,

Mwanao anajua kusoma. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungetaka kulisikia kwanza, na kwa sababu mpaka leo nikilitamka mwili unanisisimka. Nimefundisha chekechea hapa Kasulu miaka mingi, nimewasikia watoto wengi wakisoma neno lao la kwanza. Sijawahi kusikia neno likanikata miguu kama hilo la Veneranda wako.

Barua hii naiandika wazi, atakayeisoma aisome, maana najua si nyumba yetu peke yake inayomwambia mtoto kwamba baba amesafiri.

Wewe ulikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza, unakumbuka? Mimi nilikuwa darasa la nne, wewe hata jino la kwanza halijakung'oka. Nilikukalisha nyuma ya jiko la Mama, nikachora a, e, i, o, u ukutani kwa mkaa, nikashika bua la mtama kama mwalimu wetu alivyoshika fimbo. Ukaziimba zote bila kosa. Nikakimbia kumwita Mama aje aone mtoto mwenye akili. Alisimama kidogo akakutazama, kisha akasema, "Mwambie asome huku anaangalia ukutani." Kumbe ulikuwa unaimba huku unatazama mbuzi! Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta, mkaa ukamchafua mgongo mzima. Siku hiyo nilijifunza kwamba kuziimba herufi si kuzijua, na somo hilo nimelibeba hadi darasani kwangu.

Ulipokuwa mkubwa ukageuka mtani. Ulikuwa unakuja na pikipiki yako kutoka Kibondo, unasimama mlangoni pa darasa langu na matope hadi magotini. "Dada, bado unafuta makamasi?" Watoto wanaangua kicheko. Halafu unaingia, unachuchumaa mkekani, unajifanya huijui hata b, nao wanagombana nani akufundishe. Walikupenda kuliko walivyonipenda mimi, na nilikuonea wivu. Na jina ulilompa binti yako! Nilikuuliza kama umemwonea huruma mtoto: wenzake kina Ana wataandika majina yao waende kucheza, huyu bado anahangaika na n ya kwanza. Ukanijibu, "Ndiyo maana nimempa shangazi mwalimu."

Mvua za mwisho wa 2012 ndizo zilizokuangusha kati ya Kibondo na Kasulu, pikipiki ikakulalia. Tulikuzika kijijini, kwenye makaburi ya kanisa, pembeni ya baba yetu. Vene alikuwa na miaka mitatu. Siku ya mazishi aliachwa Kibondo kwa jirani, na Mama akaamua kwamba mtoto ataambiwa baba amekwenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku. Sikumlaumu. Alikuwa anakukumbuka wewe. Baba alipofariki ulikuwa na miaka sita, ukaambiwa ukweli mbele ya jeneza, ukakataa chakula mpaka ikabidi unyweshwe uji kwa kijiko kama mgonjwa. "Sitaki kuliona hilo mara ya pili," Mama alisema, nasi tukanyamaza. Vijana wetu wengi huenda Tabora, wengine hawarudi kwa miaka, kwa hiyo hakuna jirani aliyeshangaa.

Mwaka 2014 wifi, mkeo, alimleta Vene kwangu aanze darasa la awali. Nyumbani ananiita Shangazi, darasani ananiita Mwalimu, na hajawahi kuchanganya. Una mtoto makini, Minani.

Darasani kwangu sianzi na kitabu. Kwanza vitabu vyenyewe viko wapi? Naanza na majina. Nakata maboksi ya sabuni, naandika jina la kila mtoto, nalibandika ukutani kwa uji wa muhogo, juu ya sehemu yake ya mkeka. "Penye jina lako ndipo unapokaa," nawaambia, na asubuhi kila mmoja anatafuta pake, kwa kusukumana na kelele. Wakishayajua ya kwao, tunaleta ya nyumbani: mama, bibi, baba. Mwaka ule kila mtoto alipata la baba yake. Vene nilimwandikia la mama yake, nikamwongezea la bibi. Akauliza, "La baba?" Nikasema, "Tutafika." Nilikuwa naliruka jina lako kama mtu anavyoruka dimbwi. Lakini kila asubuhi nilifungua daftari la mahudhurio nikaita, "Veneranda Minani!" naye akaitikia, "Nipo, Mwalimu!" Silabi alikuwa nazo, na jina alikuwa analisikia kila siku. Mimi, mwalimu mzima, sikuona lililokuwa linakuja.

Kiangazi cha mwaka huo tukakujengea kaburi. Fundi aliposawazisha saruji akanipa msumari. "Mwalimu, andika wewe, mwandiko wangu mbaya." Mama alitaka lile jina la nyumbani tu, la mzaliwa wa nane. Nikaandika minani kwa herufi zangu za ubaoni, za duara, zilizoachana, kila moja imesimama vizuri ili hata mtoto aione. Hata mtoto! Mkono wangu haujui kuandika namna nyingine.

Siku ya sala tulikwenda na Vene. Tulimwambia tunakwenda kumsalimia babu. Mimi nilisita kidogo, Mama akasema, "Mtoto wa miaka mitano anajua nini?" Katekista alimaliza sala, watu wakaanza kuagana. Nilikuwa nimeligeuzia kaburi mgongo, nazungumza na jirani, mara nikasikia nyuma yangu ile sauti ya kuvuta ninayoijua kuliko sauti zote.

"Mmm... mi. Mi-na. Mi-na-ni."

Nilifurahi. Nisamehe, ndugu yangu. Kabla akili haijaniambia ni neno gani, nilifurahi, kwa sababu alikuwa hajawahi kuunganisha neno zima peke yake, na mwalimu yeyote wa watoto wadogo anaujua utamu wa dakika hiyo. Niligeuka nikiwa natabasamu. Alikuwa amechuchumaa, kidole chake kimo ndani ya herufi ya mwisho.

"Mwalimu, nimesoma! Minani. Ni baba!"

Akaangalia njiani, kama mtu anayengoja aliyetajwa atokee. Hakutokea mtu. Akanirudishia macho.

"Kwa hiyo baba anakaa hapa?"

Wifi alijifunika uso kwa khanga. Mama akapiga kelele kwa Kiha, "Mawe we!" kama aliyeshika chungu cha moto, kisha akanisogelea sikioni. "Mwambie amekosea. Si wewe ndiye mwalimu wake?"

Ningeweza kusema kina Minani wako wengi. Kila nyumba ya Waha iliyofikisha watoto wanane ina Minani wake. Ungekuwa uongo mwepesi, na ungemwachia mtoto kusoma kwake. Haukunijia. Lilinijia lile neno linaloshinda mdomoni mwangu tangu asubuhi hadi mchana.

"Umekosea, Vene. Haijaandikwa hivyo."

Akakirudisha kidole kwenye saruji. "Mi..."

"Umekosea," nikasema tena, nikamshika mkono nikautoa kwenye jina lako.

Mpaka leo siamini kwamba sauti ile ilikuwa yangu. Mimi ninayegombana na wazazi kwa kuwaita watoto wajinga, mimi nilimwambia mtoto aliyepata kwamba amekosa, tena mara mbili, tena neno lake la kwanza.

Hakubisha wala hakulia. Jumatatu alikaa mahali pake, nikainua kadi ya ma. Ma, Minani, ambayo aliijua mwezi wa pili tu wa masomo. Akaiangalia kadi, halafu akaangalia mdomo wangu. "Sijui." Nilidhani ni homa, nikampeleka zahanati akapimwa malaria, hana. Wenzake walifika mwisho wa mwaka wanasoma "mama analima," yeye alikuwa anasogeza midomo nyuma yao. Januari hii aliingia darasa la kwanza hivyo hivyo. Siku moja mwalimu wake aliniita wakati wa mapumziko, akanifungulia daftari lake. Ukurasa baada ya ukurasa, mtupu. "Dada, huyu ndiye uliyesema ana silabi zote?" Nilitamani ardhi inimeze.

Alasiri ile nilikaa naye jikoni, nikatandaza majivu, nikaandika mi kwa kidole.

"Hii ni nini, mwanangu?"

"Sema wewe kwanza, Shangazi."

"Nataka useme wewe."

"Hapana. Sema wewe, halafu na mimi nitasema hivyo hivyo."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka makaburini. Mtoto alikuwa amekwishafundishwa, na aliyemfundisha ni mimi. Alikuwa amejifunza kwamba maandishi hayana lao, yanasema lolote analotaka mkubwa. Sasa akishaamini hivyo asome kwa nini? Ajisumbue na nini? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema ukifika mwisho wake utamkuta nani amekaa.

Nilimpigia wifi simu Kibondo. Alilia kwanza. Kisha akasema, "Mwambie, wifi. Kila nikimpigia ananiuliza kama Tabora hakuna simu."

Mama alikuwa mgumu. Nilimkuta anachambua maharage, hakuinua kichwa. "Utamuua huyo mtoto. Mimi nilimwona baba yake."

"Mama, Minani aliacha kula, lakini alikula tena. Huyu ameacha kusoma mwaka unakwisha."

Aliendelea kuchambua. Niliona anatupa punje nzima pamoja na mbovu. Mwishowe akasema, "Basi nendeni. Mimi nitabaki hapa."

Jumamosi iliyopita nilimchukua mwanao. Tulikwenda kwa miguu, tukisogea pembeni kila lilipopita lori la wakimbizi wa Burundi kutoka mpakani Manyovu, na watoto waliokuwa juu wakimpungia Vene mkono naye akiwapungia. Mimi sikuwa na uwezo wa kumpungia mtu. Nilikuwa nayapanga maneno.

Kaburini nilichuchumaa karibu naye. "Soma," nikamwambia. Akaangalia mdomo wangu. Nikauziba kwa kiganja.

Kidole chake kikashuka taratibu kwenye saruji. "Mi. Na. Ni."

"Umesoma sawa, Vene. Na siku ile ulisoma sawa. Mimi ndiye niliyekosea, nami nilijua. Huyu ni baba yako. Hayuko Tabora. Alifariki, tukamzika hapa."

Nilijikaza kungoja kilio. Hakikuja. Alinikunjia uso, uso wako ule wa kudai haki, akaninyooshea kiganja.

"Basi niwekee vema."

Nilikuwa na kalamu nyekundu kwenye mkoba, ile ile ya kusahihishia, nikamwekea alama ya vema kiganjani, kubwa, mpaka kwenye mkunjo wa kidole gumba. Akaiangalia. Akafunga ngumi juu yake. Ndipo akalala kifudifudi juu ya saruji, shavu kwenye jina lako, akalia. Si kilio cha mtoto aliyenyimwa kitu. Alilia msiba, tangu mwanzo wake, sisi wengine tukiwa tumekwisha kufuta machozi huu mwaka wa tatu. Sikumnyamazisha. Nilikaa pale nikamngoja amalize, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kukaa naye matanga.

Tuliporudi Mama alikuwa ameshapika ugali na dagaa. Alimwosha Vene miguu na uso, akauosha mkono mmoja, ule mwingine akauacha. Kisha akamkodolea macho kila tonge. Vene alikula. Alikula akaomba tena, na Mama akainuka haraka akaenda nje.

Sitakudanganya na wewe, kwamba yote yamepona. Anasoma sasa, sauti ndogo, silabi kwa silabi, vibao vya madukani, mifuko ya saruji, magunia. Lakini kila akimaliza neno anageuka na kuniuliza, "Kweli?" Namjibu, "Kweli." Neno linalofuata ananiuliza tena. Nitamjibu kila neno mpaka siku atakapoacha kuuliza, na kama haitafika siku hiyo, nitajua ni mkono wa nani uliotenda.

Naomba radhi, mdogo wangu. Tulikuaga wote siku ile ya mvua, ukoo mzima na majirani, tukamwacha mmoja tuliyemwona ni mdogo mno. Jumamosi, tulipokuwa tunaondoka, aliuchomoa mkono wake mkononi mwangu, akarudi mbio hadi kaburini. Sikumfuata. Alisimama akasoma jina lako mara moja zaidi, kwa sauti, bila kugeuka kuniuliza, kisha akasema, "Kwaheri, baba."

Sasa umeagwa na wote. Pumzika.

Dada yako,
mwalimu wa mwanao