Chumba cha Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Barua imebandikwa mlangoni kwa gundi. Gundi! Mlango niliupaka rangi mwenyewe. Nyumba imeuzwa, mnunuzi anabomoa, wapangaji wote tuwe tumehama mwisho wa mwezi.

Mama kaisoma mara mbili, akasema aliyeiandika hajui kuweka nukta. Kisha kaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Ni mama wa marehemu mume wangu. Mwaka wa tatu huu tumebaki wawili, mimi na yeye. Sijawahi kumwita mama mkwe, na sioni sababu ya kuanza leo.

Jumatano, 5 Juni

Dalali tumeshampa jina: Bwana Tayari. Maji? Tayari. Umeme? Tayari. Jikoni dirisha halipo—nailoni inapepea tu. Dirisha nalo hesabu tayari!

Vyumba viwili mtaa huu vinameza mshahara wangu wote, na wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikamuuliza Tayari watu wa mji huu wanakula nini, kuta? Kacheka. Kanishauri niongeze kidogo. Kidogo!

Jumamosi, 8 Juni

Nyumba tatu leo. Mama kakataa kubaki, na magoti yake yale. Alikuwa opereta wa simu miaka thelathini. Macho yamechoka lakini masikio, wee! Kila tukiingia anagonga ukuta na kutega sikio. Ya kwanza: jirani wanagombana, na mke ndiye mwenye haki. Ya pili: bomba linavuja ndani ya dari. Mwenye nyumba kakana katakata, mpaka tone likamtua kwenye kipara. Tulicheka barabarani hadi mbavu zikauma.

Ya tatu ilikuwa nzuri. Jua la asubuhi, jiko pana, na kodi ya kuombea punguzo. Mwenye nyumba, mama mmoja wa wanja mzito, kamtazama Mama akipanda ngazi, mkono ukutani, pumzi juu juu. Kaniita pembeni. Hana ubaya na wazee, kasema, ila wazee huanguka, huugua, na msiba ndani ya jengo hufukuza wapangaji. Kasema kwa upole kabisa. Ule upole ndio ulionichoma.

Mama alikuwa hatua kumi tu kutoka tulipokuwa. Na masikio yale.



Jumatatu, 10 Juni

Nimeharibu lenzi mbili! Ya kulia nimeikata kwa vipimo vya kushoto. Miaka tisa nakata lenzi kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, sijawahi. Daktari wa macho, bosi wangu, hakufoka. Kaniuliza nina nini. Nilipomweleza, kaniambia anamjua seremala mmoja mwenye chumba juu ya karakana. Mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Kodi ya mwezi kwa mwezi!

Jumanne, 11 Juni

Nimekiona. Chumba kimoja, kikubwa kiasi, jiko dogo pembeni, choo ndani. Harufu ya mbao. Droo unaivuta kwa kidole kimoja. Na kodi naiweza! Nikaanza kupanga vitanda kichwani, kimoja huku, kimoja kule.

Ndipo seremala akasema: mtu mmoja tu. Zamani alipangisha wawili, wakawa saba. Hataki tena.

Nikajibu nitafikiria. Kwa nini sikusema palepale kwamba tuko wawili? Ulimi ulikuwepo mdomoni.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia Mama, nusu tu. Nikasema chumba ni kidogo. Kauliza: kidogo kwa nani? Huyu hafichwi kitu.

Kisha kacheka. Kasema basi mambo yamejipa, maana wifi yangu, binti yake anayekaa mji mwingine huko mbali, alimpigia simu wiki iliyopita. Anamtaka akaishi naye. Chumba kimeshapakwa rangi, tena ya bluu. Wajukuu wanahesabu siku.

"Chukua hicho chumba, mwanangu. Nimekaa na watu wazima vya kutosha. Sasa nataka kelele."

Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma: nilipata nafuu. Mwili mzima, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Halafu aibu. Halafu nafuu tena.

Jumamosi, 15 Juni

Tunafungasha. Mama kagawa meza, ndoo, mpaka pasi. Anaimba. Anaimba mno.

Jumanne, 18 Juni

Nimempigia wifi nimuulize nani atampokea Mama kituoni.

"Mama anakuja? Anakuja wapi?"

Hakupiga simu yoyote. Hakuna rangi. Mumewe hana kazi tangu Januari na wanabanana watano kwenye vyumba viwili. Kaanza kulia. Kasema basi aje, wifi yangu, ni mama yangu, tutalala hata jikoni. Nikamwambia asubiri kwanza.

Bluu! Kabuni mpaka rangi. Na alikusudia nini? Kushuka kwenye basi, kugonga mlango, sanduku mkononi, na kujifanya kaja kusalimia?

Nilirudi nikiwa na hasira za kupasua sahani. Nikamkuta anakunja mapazia. Nikaishia kumuuliza kama amekula. Kasema ameshakula. Na sufuria zote zimo kwenye boksi, limefungwa kamba.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeshindwa kuvumilia. "Mama, hakuna chumba cha bluu."

"Labda laini ilikuwa mbaya. Nilisikia vibaya."

"Wewe? Ulisikia vibaya wewe?"

Kaketi juu ya boksi. Kakunja kitambaa, kakikunjua, kakikunja. Kisha kasema siku ile niliporudi kutoka kwa seremala uso wangu ulikuwa umefunguka. Hajauona hivyo tangu tumzike mwanawe. "Nikasema, huyu bado kijana. Apate pa kuanzia."

Nikasema nitazungumza na seremala. Kakataa. Hataki kuombewa nafasi kama paka.

Sijui nani alianza kulia. Nadhani ni mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Niko karakana. Mama yuko nje kwenye teksi, kakataa kushuka. Nilimdanganya tunakwenda kukata tiketi—zamu yangu nami.

Seremala kanipa fomu. *Idadi ya wakaaji.* Nikaandika kwa penseli aliyonipa: wawili. Kasoma, kavua miwani, kavaa tena, kachungulia nje, kamwona Mama kwenye teksi.

"Nilisema mmoja."

"Ndiyo, baba. Ulisema."

"Na ngazi zile? Anaziweza?"

"Polepole."

Kasema kuna mteja mwingine anakuja saa tano, mtu wa benki, yuko peke yake, hana neno. Kaniwekea kifutio juu ya fomu. Nikibadilisha namba ile kabla mtu huyo hajafika, funguo ni zangu. Kisha kapanda juu. Anapigilia kitu, sijui nini.

Kalamu yangu imekauka, naandika haya kwa penseli yake. Kifutio kiko hapa, karibu na kiwiko. Kimeshika vumbi la mbao. Nikinyoosha mkono tu! Zimebaki siku nane na hatuna nyumba nyingine. Na Mama amefungasha, atakwenda akicheka, hatanilaumu hata kidogo. Hilo ndilo baya zaidi.

Mtu wa benki kafika. Viatu vinang'aa, anajipangusa mlangoni. Anauliza kama ni hapa penye chumba cha mtu mmoja.

Nimemjibu hapana. Ni cha wawili.

Juu, nyundo imenyamaza. Seremala anashuka—